Maswali ya Wasomaji: Kamera Juu ya Meza ya Mtoto Mchanga

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya moja tu, kwamba baadhi ya hospitali hufunga kamera juu ya meza anapohudumiwa mtoto aliyezaliwa bila kupumua, ili wahudumu waitazame video hiyo baadaye na kujifunza. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua tano, na tumeondoa majina ya walioziandika pamoja na ya vituo vyao. Anayejibu ni mkunga mkufunzi mstaafu aliyefanya kazi katika vyumba vya kujifungulia kwa miaka 31.

*Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi mkunga katika hospitali ya wilaya. Uongozi umetutangazia kwamba kamera itafungwa juu ya meza ya kuhudumia vichanga. Sote tumehudhuria mafunzo na tuna vyeti, kwa hiyo wenzangu wanaona kuwa hii ni njia ya kututafutia makosa. Je, kurekodiwa kuna faida gani ambayo mafunzo hayakutupa?*
— Muuguzi mkunga, Kanda ya Kaskazini

Marahaba, mwanangu. Nitaanzia jirani na kwenu, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iliyoko Mbulu, mkoani Manyara, kwa sababu swali lako la cheti lilikwisha kupimwa hapo. Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walipata mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, programu ya kufundisha kuwasaidia vichanga kupumua, iliyoandaliwa na jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani, American Academy of Pediatrics. Walipopimwa tena miezi saba baadaye, mikono yao ilikuwa imeboreka juu ya mwanasesere wa mafunzo, lakini kwa mtoto halisi, katika chumba cha kujifungulia, utendaji wao haukuwa umebadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na nawaheshimu sana waliokubali kuyatangaza, maana ingekuwa rahisi kuhesabu vyeti na kuishia hapo. Baadaye hospitali hiyo ilianzisha mazoezi mafupi ya dakika chache, yanayorudiwa mara kwa mara papo hapo wodini, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Kwa nini anayejua juu ya mwanasesere ashindwe mbele ya mtoto? Si uzembe. Mtoto halisi ana utelezi na hana rangi, mama yake anauliza mbona halii, taa imeelekezwa kwingine, na barakoa ndogo imekwenda kuoshwa. Katika hali hiyo akili huacha kuhesabu muda. Mimi mwenyewe niliwahi kuapa mbele ya wenzangu kwamba nilianza kumpulizia mtoto hewa kabla ya dakika moja kwisha. Hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo ilikuwa katika majaribio ya kurekodi, na tulipoitazama video ile saa ya kamera ilisoma dakika 1 na sekunde 52. Sikuwa nimesimama bure hata kidogo. Nilikuwa nimemkausha, nikamsugua mgongo, nikamfyonza mdomo, nikamsugua tena, nikamfyonza tena, na kila tendo lilikuwa la kweli na la nia njema. Hakuna aliyeniambia neno. Nilijiona mwenyewe, na tangu siku hiyo sikurudia kufyonza mara mbili mtoto ambaye koo lake lilikuwa safi.

Muda huo una uzito wake. Utafiti mwingine wa Haydom, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kupuliza hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana dakika ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa tunaiita Dakika ya Dhahabu. Walio wengi kati ya watoto wanaozaliwa huanza kupumua wenyewe au baada ya kukaushwa na kusuguliwa. Wanaobaki, kiasi cha watano katika kila mia, huhitaji mfuko wa hewa na barakoa, ule ambao wengi wetu huuita ambu, na kwa hao kuendelea kusugua ni kuwapotezea muda wao.

Wala usidhani kwamba kasoro hizi ni za hospitali zetu peke yake. Mwaka 2000 madaktari wa San Diego, Marekani, walichapisha tathmini ya video 100 za watoto waliohudumiwa hospitalini mwao, na katika video 54 kati ya hizo walikuta utendaji uliotofautiana na mwongozo ambao wao wenyewe walikuwa wakiufundisha. Mwaka 2014 kamera zilizofungwa katika hospitali kubwa ya wazazi mjini Kathmandu, Nepal, zilionyesha jambo ambalo kila mkunga wa kwetu atalitambua: kufyonza na kusugua kwingi, na ambu ikichelewa kushikwa.

Sasa nije kwenye hofu ya wenzako, ambayo sitaipuuza, kwa sababu nimeona kamera ikigeuzwa kuwa fimbo. Kabla kamera haijafungwa, dai maandishi yanayosema wazi kwamba video hazitatumika kumchukulia mtumishi hatua za nidhamu, kwamba haziingii katika faili la mgonjwa wala la mtumishi, kwamba zinafutwa baada ya siku zilizotajwa, na kwamba funguo ziko kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Uongozi ukikataa kuandika hayo, nanyi mna haki ya kukataa kurekodiwa. Ukiyaandika na kuyatimiza, nakuomba, mwanangu, uwe wa kwanza kujitolea video yako itazamwe, kwa sababu anayeanza kwa hiari huwatoa wenzake hofu kuliko waraka wowote.

*Ndugu Mhariri, mke wangu alijifungua mwaka jana na mtoto alisaidiwa kupumua. Tunamshukuru Mungu, ni mzima. Miezi mitatu baadaye mtumishi mmoja alituambia kwa furaha kwamba video ya mtoto wetu inatumika kufundishia. Hatukuwahi kuulizwa. Je, ni haki?*
— Baba wa mtoto mmoja, Dar es Salaam

Hapana, si haki, na nasikitika kwamba mliipata habari hiyo barazani badala ya kuambiwa rasmi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania mwezi Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kwa majirani zetu Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inaziweka katika kundi hilo. Video ya mtoto asiyepumua ni taarifa ya afya hata kama jina lake halionekani. Hatua ya kwanza ni kuiandikia hospitali na kuuliza mambo matatu: video iko wapi, nani ameiona, na itafutwa lini. Mkitaka ifutwe, semeni hivyo katika barua hiyo hiyo. Msipojibiwa, mlango wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi uko wazi kwenu.

Wahudumu wenzangu wanaosoma jibu hili huenda watauliza jinsi ya kuomba ridhaa wakati mtoto anataka hewa sasa hivi. Wakati huo hauombi. Unaomba mapema, mama anapokuja kliniki ya wajawazito, kwa maneno anayoyaelewa na bila kumfanya ahisi kwamba akikataa atahudumiwa vibaya. Kisha unamkumbusha anapolazwa. Kamera inatazama meza tu, yaani mikono ya wahudumu na mtoto, wala haielekezwi kitanda cha mama kwa namna yoyote. Na pale ambapo mama alifika katika hali isiyoruhusu mazungumzo, anaulizwa baadaye akiwa ametulia, kabla video haijatazamwa na yeyote, na akikataa inafutwa siku hiyo hiyo.

Katika hospitali ya chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, ambako kurekodi na kutazama pamoja kumekuwa sehemu ya kazi kwa miaka mingi, wazazi nao hupewa nafasi ya kuiona video ya mtoto wao. Baba, naamini kwamba kama mngeulizwa mngekubali, na pengine mngeomba kuiona. Ndiyo maana kutokuulizwa kunauma zaidi.

*Daktari, au Mkunga, mtakayejibu: nasimamia wodi ya vichanga. Tumepata kamera, tumepata ridhaa ya watumishi na ya kamati ya maadili. Vikao vyetu viwili vya kwanza vilikuwa vibaya. Cha kwanza kilikuwa kimya kitupu, cha pili kikawa ugomvi. Tunakosea wapi?*
— Daktari wa watoto, Pwani ya Kenya

Daktari, nakupongeza kwa kuandika barua hii badala ya kuifungia kamera kabatini. Kimya na ugomvi vina chanzo kimoja: watu wameketi mbele ya kioo bila kujua wanatafuta nini, basi wanamtafuta mtu.

Nakushauri kikao kijacho kianze na video yako wewe, au ya mkubwa mwingine yeyote aliye tayari. Usichague ile uliyofanya vizuri. Itazameni mara ya kwanza yote, kwa kasi yake, bila mtu kusema neno. Kisha anayeonekana katika video ndiye azungumze kwanza, na swali la kumuuliza ni moja, «Ulikuwa unaona nini wakati ule?», kwa sababu kamera iko juu na yeye alikuwa pembeni, huenda alama ya kifua kuinuka, ambayo nyinyi mnaiona wazi, yeye alizibiwa na mkono wa mwenzake. Nimeona mabishano makali yakiisha kwa swali hilo pekee. Na mara nyingine tatizo huwa ni meza: imewekwa ukutani, mtu hawezi kusimama upande wa kichwa cha mtoto, na kila zamu inapuliza hewa ikiwa imejipinda. Hilo halirekebishwi kwa kumkaripia mkunga. Linarekebishwa na fundi kwa asubuhi moja.

Mara ya pili simamisheni video kwa saa. Hapa ndipo penye utajiri, na hapa sipendi haraka. Andikeni ubaoni mtoto alitoka saa ngapi (mfundisheni mtu mmoja katika kila zamu aitangaze kwa sauti, la sivyo hamtaijua kamwe), kukausha kulianza lini, barakoa iligusa uso lini, na kifua kiliinuka kwa mara ya kwanza lini. Umbali kati ya mambo hayo mawili ya mwisho ndio ambao wengi hawauoni bila video. Barakoa ipo usoni, mkono unaminya mfuko, kila mtu chumbani ametulia akiamini mtoto anapata hewa, kumbe inavujia shavuni au shingo imekunjwa. Hesabuni pia mapigo ya kuminya: lengo ni kama 40 kwa dakika, lakini mtu mwenye hofu huminya kasi zaidi bila kujua. Halafu tazameni vituo. Kila mara mtu anapoacha kupuliza ili afyonze, asikilize moyo, abadilishe mkono au ajibu simu, andikeni sekunde zilizopotea na mzijumlishe. Jumla yake mara nyingi huwashtua wote kwa pamoja, na mshtuko wa pamoja haumwaibishi mmoja.

Msihukumu kwa rangi ya mtoto. Mwaka 2007 watafiti wa Melbourne, Australia, waliwaonyesha wahudumu 27 video za watoto 20 wakati wa kuzaliwa na kuwaomba waseme ni lini kila mtoto alionekana mwenye rangi ya waridi. Hawakuafikiana, na kiwango cha oksijeni katika damu wakati waliposema hivyo kilitofautiana mno. Ikiwa macho ya wazoefu hayaafikiani juu ya video ya watoto wa huko, sisi ambao watoto wetu wana rangi nyingi tuna sababu zaidi ya kuamini mwendo wa kifua na mapigo ya moyo kuliko ngozi.

Mwisho wa kikao chagueni jambo moja tu la kubadilisha wiki hiyo. Moja. Kisha kabla watu hawajatawanyika, mwanasesere awe mezani, na yule aliyeonekana katika video awe wa kwanza kulifanyia mazoezi jambo hilo, dakika tatu zinatosha. Mkiachana baada ya kutazama bila kushika ambu, mtakuwa mmempa mwenzenu aibu bila kumpa dawa yake.

Jambo la kuepuka kabisa: video isiingie katika kikao cha mapitio ya vifo vya mama na watoto wachanga. Kikao kile kina kazi yake, kumbukumbu zake na wajumbe wake. Siku video itakapopelekwa huko kama ushahidi, hiyo ndiyo siku ambayo kamera yako itaanza kukutwa imefunikwa kwa taulo.

*Sisi ni zahanati. Tunazalisha akina mama wachache kwa wiki, umeme haueleweki, na kamera hatutapewa. Je, tuitumie simu ya mmoja wetu?*
— Mkunga, Kigoma

Kwa mtoto halisi, hapana kabisa, mwanangu. Simu ya mtu binafsi inapotea, inaazimwa na mtoto wa shule, na picha zake huingia WhatsApp kabla hujamaliza kuosha mikono.

Kwa mwanasesere, ndiyo, na kwa bidii. Kituo chenye uzazi mchache kinahitaji mazoezi haya kuliko hospitali ya rufaa, kwa sababu huenda ukapita mwezi mzima bila kukutana na mtoto asiyepumua, na ujuzi wa mikono hupotea kimya kimya. Egemezeni simu kwenye kopo juu ya rafu, mmoja atoe mwanasesere bila kuonya, aliye zamu amhudumie, kisha mtazame wote wawili na mfute. Hakuna ridhaa ya mzazi inayohitajika, na makosa mtakayoyaona ni yale yale: barakoa inayovuja, kifyonzi kinachotafutwa, ambu ambayo haikuunganishwa.

Kwa mtoto halisi tumieni mtazamaji mwenye saa. Akiwapo mtu wa pili ambaye mikono yake haihitajiki, kazi yake ni kuandika nyakati nne nilizomtajia daktari hapo juu. Mjini Kinshasa watafiti wameifanyia kazi hiyo programu ya simu iitwayo Liveborn, ambayo mtazamaji huigusa kila tendo linapofanyika na baadaye timu hujadili kilichoandikwa, bila picha yoyote ya mtoto. Kalamu na saa ya ukutani havifiki hapo, lakini vinatosha kuanza leo.

*Shikamoo Mama. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa hajapumua na akafariki baada ya saa mbili. Hospitali hiyo ina kamera na mimi nilitia sahihi kliniki. Je, naruhusiwa kuiona? Na je, niione?*
— Mama, hakutaja mahali

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Unaweza kuomba, na hospitali iliyochukua ridhaa yako inapaswa kukupokea kwa heshima. Wahi, kwa sababu video hizi hufutwa baada ya muda. Ikiwa hujaamua, waandikie waihifadhi mpaka utakapoamua, ili uamuzi wako usisukumwe na tarehe.

Kama uione, sitakuamulia. Wapo wazazi wanaotaka kuona kwamba mtoto wao alishikwa, kwamba watu walihangaika juu yake, kwamba hakuwa peke yake katika saa mbili zile. Wapo ambao hawataki picha hiyo iwe ndiyo wanayobaki nayo, na hao nao wana haki yao. Usiione peke yako, wala usikubali kutumiwa kwa simu. Omba chumba chenye mlango unaofungika, uende na mume wako au mama yako au dada yako, na aketi nanyi mtu anayeweza kueleza kila tendo na kuisimamisha mara tu utakaponyanyua mkono. Uliza maswali yote uliyonayo, hata lile unaloogopa zaidi, yaani kama kuna kilichocheleweshwa. Na kama jibu ni ndiyo, unastahili kuambiwa hivyo na mtu anayekutazama usoni.

Mwulize pia kama mkunga aliyekuwa zamu usiku ule anaweza kuwapo. Huenda asiweze. Lakini wengi wetu tuliowahi kushika mtoto namna hiyo bado tunaikumbuka saa aliyozaliwa, na tungekuja.